Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Ndugu mgeni rasmi,
Mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Tanga. Risala yetu ya leo inamhusu popo mmoja.

Ndugu mgeni rasmi, popo huyo anaitwa Rhinolophus maendeleo. Alitambulishwa rasmi mwaka 2000 na wataalamu watatu, akiwemo Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walimfahamu kutoka sehemu mbili tu, zote mkoani kwetu: msitu wa mapango ya Amboni, kwenye bonde la mto Mkulumuzi, na msitu wa Mazumbai kule Usambara Magharibi. Anaenea kiganjani. Puani ana ngozi yenye umbo la kiatu cha farasi, na kwa pua hiyo hutoa sauti nyembamba tusiyoweza kuisikia. Mwangwi ukimrudia, anajua nondo yuko wapi gizani, hasa nondo huyo akipigapiga mabawa. Haibi maembe ya mtu wala hanyonyi damu. Chakula chake ni wadudu. Na popo wa jamii hii huzaa mtoto mmoja tu kwa mzao, kwa hiyo wakipungua, kurudi kwao huchukua miaka mingi.

Inatuuma kusikia popo akitajwa, watu wanawaza uchawi. Wapo wanaowarushia mawe na kuwamulika tochi mchana wakiwa wamelala. Lakini hofu yetu kubwa ni miti. Mapango yana walinzi na wageni wanalipa kiingilio, ila popo huyu halishwi na mawe. Pango lisilo na msitu ni nyumba isiyo na jiko. Kila mti wa bondeni unaogeuzwa mkaa unampunguzia mawindo.

Klabu yetu imeanzisha kitalu cha miche ya mivule na mibambakofi. Shida ni maji: kiangazi tunabeba ndoo kutoka mbali na miche mingi hukauka. Hivyo tunakuomba utusaidie kupata simtanki moja, na mtaalamu wa wanyamapori aje kutufundisha namna ya kuwatazama popo bila kuwasumbua. Zaidi ya yote, tunaomba utusemee kwenye vikao vya halmashauri, ili msitu wa Mkulumuzi ulindwe kama yanavyolindwa mapango yenyewe.

Ndugu mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.