Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa kliniki ya kisukari

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na habari ya kupewa kliniki ya kisukari huko Pangani imenifurahisha kuliko unavyodhani. Hongera sana. Mimi nimestaafu uuguzi kwenye kliniki ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo niruhusu nikuambie jambo moja kabla hujazoea kazi.

Wewe utamwona mgonjwa dakika chache kwa mwezi. Siku zote zilizobaki mganga wake ni yeye mwenyewe, au mkewe anayepika, au mjukuu anayemsomea bahasha ya dawa. Wakikosea hao, ujuzi wako wote haumfikii.

Hebu itazame hiyo bahasha. Sisi tunaandika 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, tunasema "haya, asante, anayefuata". Lakini kuna mtu anayezimeza zote tatu asubuhi ili amalize, awahi shamba. Kuna anayemeza glibenclamide, kile kidonge cha kushusha sukari, alfajiri bila kula kitu, saa nne jasho linamtoka, mikono inatetemeka, maneno hayashikani. Majirani wanasema kalewa, au karogwa. Hakuna anayemkorogea hata vijiko vitatu vya sukari kwenye maji angali anaweza kumeza.

Mtu wa namna hiyo ndiye atakayekuja kukuambia, "Mimi yangu ni sukari ya kushuka, siyo ya kupanda." Utalisikia sana hilo. Usimcheke, wala usimkatishe. Muulize ilishuka lini, siku hiyo alimeza nini, alikula saa ngapi. Akijibu mwenyewe ataanza kuona kwamba ugonjwa ni ule ule mmoja, na kilichoishusha sukari ni dawa isiyo na chakula. Asipoliona hilo, ataacha dawa na kunywa soda kila siku ili "aipandishe", na mwaka ukipita atarudi kwako na ganzi miguuni au ukungu machoni.

Haya siyo mawazo yangu peke yangu. Mwaka 2002 Dean Schillinger na wenzake walichapisha utafiti kutoka hospitali ya umma ya San Francisco, Marekani, kwa watu 408 wenye kisukari cha aina ya pili. Waliwapima uwezo wa kusoma na kuelewa maelezo ya afya, kisha wakaangalia HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Walioelewa vizuri, 33 kati ya 100 walikuwa na sukari iliyodhibitiwa barabara. Wenye uelewa hafifu walikuwa 20. Waliosema kisukari kimeshawadhuru retina ya jicho walikuwa 19 kwa 100 kati ya walioelewa vizuri, na 36 kati ya wenye uelewa hafifu. Jicho, mwanangu! Na hiyo ni nchi yenye maandishi kila kona.

Mwaka uliofuata wakasikiliza madaktari wenyewe wakiongea na wagonjwa. Katika kila mambo mapya 100 waliyoelezwa wagonjwa, ni kama 12 tu ambayo daktari alirudi kuhakikisha yameingia. Wagonjwa waliorudiwa namna hiyo ndio waliokuwa na sukari nzuri zaidi.

Sasa wewe ni kijana. Mzee uliyemwamkia shikamoo hawezi kukubali mbele yako kwamba hajaelewa. Ukimuuliza "umeelewa?" atasema ndiyo, tena kwa heshima zote, ataondoka. Kwa hiyo muulize hivi: "Mzee, ukifika nyumbani mama atataka kujua tumekwambia nini kuhusu hizi dawa. Utamwelezaje?" Nyamaza umsikilize. Akikosea, yachukue makosa hayo kuwa ya maelezo yako, mweleze upya kwa maneno mengine, kisha muombe tena. Dakika mbili zinatosha, hata foleni ikiwa imefika getini.

Insulini nayo, ile dawa ya sindano ya kushusha sukari, usimwambie tu "iweke mahali pa baridi". Muulize ataiweka wapi. Wapo wanaoipeleka kwenye friza ya duka la jirani ikaganda, na insulini ikishaganda imeharibika hata ikiyeyuka tena. Asiye na friji mwelekeze chungu chenye mchanga uliolowa maji, kikae kivulini, na chupa iwe ndani ya mfuko ili maji yasiiguse. Kisha mwambie avute dozi mbele yako kwa bomba lake mwenyewe. Hapo utayaona mengi ambayo mdomo haukusema.

Kuhusu chakula, mwite anayepika. Wengi wameshaacha sukari kwenye chai wakaona wamemaliza kazi, huku sahani ya ugali au wali ikibaki mlima ule ule.

Lakini usidhani kuelewa kunatosha. Mtu anaweza kujua kila kitu na asiwe na hela ya vijiti vya kupimia. Tafiti za baadaye pia zimeonyesha kwamba uwezo wa mtu kusoma na kuelewa maelezo ya afya unahusiana wazi zaidi na kuujua ugonjwa wake kuliko na kipimo cha sukari chenyewe. Ndiyo maana ukiona sukari haishuki, usikimbilie kusema mgonjwa mbishi. Uliza pia nyumbani wanakula nini, na dawa zilikwisha tarehe ngapi.

Jambo la mwisho ni Ramadhani. Wengi hapo watafunga na hawatakuambia, wakiogopa utawakataza. Anza kuwauliza tangu Rajabu, miezi miwili kabla, ili wa kushauriwa wasifunge washauriwe mapema, na wengine mpange na daktari dozi za futari na daku. Nitumie orodha ya dawa mlizonazo stoo nikuonyeshe zipi za kuangalia zaidi.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako