Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa utamaduni: tufungulie ukumbi, watoto wa Nakuru waone Annie

Kwa Mheshimiwa unayesimamia utamaduni na kumbi za umma hapa kwetu,

Salamu Mheshimiwa. Kabla ya hii nimejaribu njia zote za heshima. Nimeleta barua ikapigwa muhuri pale mapokezi, nimeongea na MCA, mwakilishi wetu wa wadi, nimekaa kwa benchi ya ofisi yako mpaka mlinzi akanizoea, na kila nikiuliza naambiwa mkubwa ako kwa mkutano. Sasa kwa vile Jumamosi iliyopita watoto wetu wamefungiwa nje na kunyeshewa, na ni mimi niliwaita pale, nimeona niandike mahali kila mtu atasoma.

Ilikuwa hivi. Shule zimefungwa, watoto wako mtaani wanazurura, tukasema tuwaonyeshe filamu. Sio filamu ya bunduki, ni Annie, ile ya zamani ya 1982, ya familia nzima. Tukakodi projekta, mama mmoja akaleta shuka nyeupe ya kitanda, kijana wa duka la M-Pesa akatuazima spika, na mimi nikaamka usiku kukanda mandazi. Ruhusa ulitupa wewe mwenyewe, Mheshimiwa, kwa ule mkutano wa maoni ya bajeti, ulishika maiki ukasema ukumbi ni wa wananchi, mtumie, bora msiharibu, na watu wakakupigia makofi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kufika Jumamosi tukapata kufuli mpya ya shaba mlangoni, ile yetu ya zamani imekatwa na msumeno imetupwa kwa nyasi. Tukachungulia dirishani, ndani kumepangwa hema na viti vya plastiki mpaka karibu na dari, na magunia kando ya stage. Kanjo wawili, askari wa kaunti, wakasema wametumwa, hakuna mtu anaingia, na leseni ya kuonyesha sinema iko wapi? Hiyo leseni sibishani nayo, iko kwa sheria, Sura ya 222, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, lakini siku zote tulizokuja ofisini kuulizia ukumbi mbona hakuna hata mtu mmoja alisema tuitafute? Tungeitafuta. Tungechanga tulipe.

Alafu mvua ikashuka kutoka upande wa Menengai, ile ya mchana ya kuja na upepo. Watoto wakajibana kwa ukuta chini ya mabati, na hayo mabati ndio yale uliahidi kubadilisha, yametoboka, maji yakawa yanawaingia kwa shingo. Walikuwa wamejichorea tiketi kwa karatasi za kitabu cha hesabu, kila mtu na namba ya kiti chake, wengine wamechora msichana wa nywele nyekundu na mbwa. Rangi ikaanza kutiririka kwa vidole. Kasichana kamoja ka darasa la pili kakaniuliza, "Auntie, kwani tumefanya nini?" Nikakosa la kumwambia. Mheshimiwa, wewe ungemwambia nini?

Pengine unashangaa mtu mzima analilia aje filamu ya kizungu ya watoto. Basi nikwambie, maana hii stori ni ya huo ukumbi wako.

Miaka ya themanini mwishoni, Jumamosi mchana, hapo ndani ndio tulikuwa tunaona video. Mzee aliyekuwa analinda ukumbi alikuwa na TV ya Greatwall na deki aliyoletewa na jamaa yake, na tulikuwa tunalipa kidogo tu, asiye nayo anafagia ukumbi anaingia. Kaseti za kupigana zilikuwa nyingi. Ya Annie ilikuwa moja, imechezwa mpaka imechoka, picha ikianza mchele mzee anazima, anafungua kifuniko, anachovya karatasi kwa spiriti anapangusa hedi polepole huku sisi tumekaa sakafuni kimya, hakuna anayepumua, mpaka picha irudi. Mke wake alikuwa amefanya kazi kwa wazungu, Kizungu alikisikia vizuri, kwa hivyo alisimama kando ya TV akitutafsiria. Huyu DJ Afro mnayemsikia akitafsiri filamu alikuja baadaye sana, sisi tulikuwa na huyo mama. Alikuwa akiigiza Miss Hannigan, yule mama mlevi anayesimamia mayatima, na sauti ya ulevi tunaanguka kwa kicheko. Lakini wimbo ukianza, yeye alinyamaza. Alikuwa anasema wimbo hautafsiriwi, sikizeni mtoto anavyoimba.

Na huyo mtoto aliimba, Mheshimiwa. Aileen Quinn, alichaguliwa kati ya maelfu ya wasichana, umri wake karibu miaka kumi tu, na sauti ni yake mwenyewe, hakuna mtu mzima aliyemwimbia nyuma ya pazia. Sisi hatukujua jina lake wakati huo, kwetu alikuwa Annie na basi. Mayatima wa New York mwaka wa 1933, wakati Marekani nzima imefilisika, wanaamshwa usiku kusugua sakafu, na wanaimba wakisugua, wanagonga ndoo, wanaruka juu ya vitanda. Sisi tulijua kusugua sakafu! Tulijua kulala wanne kitanda kimoja na kuamshwa usiku kwenda kupanga foleni ya maji. Lakini hatukuwa tumewahi kuona mtu akiifanya hiyo kuwa wimbo. Jumatatu yake tulikuwa tunagonga mitungi kwa mfereji na kuimba maneno ambayo hatuelewi hata moja, watu wazima wanatufukuza.

Kuna sehemu moja nataka uikumbuke kama uliwahi kuiona, na kama hukuiona nakuomba uitafute. Tajiri Warbucks, yule asiye na nywele, aliyeitisha yatima wa kukaa naye wiki moja na alipoletewa msichana akalalamika kwamba alitaka mvulana, anampeleka Annie ikulu kwa Rais Roosevelt. Watu wazima wanaongea mambo ya kazi na njaa, tajiri hataki kusikia habari ya serikali kusaidia maskini. Na mtoto anaanza kuimba, ule wimbo wa jua litatoka kesho. Rais ako kwa kiti chake cha magurudumu, hamwambii nyamaza wakubwa wanaongea. Anamsikiza mpaka Mama Rais anaingilia kuimba, na yeye Rais anaimba, na anamwambia yule tajiri naye aimbe. Rais wa Marekani, Mheshimiwa. Najua ni filamu. Lakini mimi mtoto wa mtaa wa chini Nakuru nilitoka pale nikiamini mtoto akiwa na kitu cha kusema, mkubwa anaweza kusimama akamsikiza, na hiyo imani ndio imenitoa nyumbani kuja kwa ofisi yako mara zote hizo.

Pale pale ndio niliamua nitaimba. Nikaimba shuleni, nikaimba kanisani, nikalea watoto wangu na pesa za mandazi na bado naimba. Leo nina kikundi cha watoto wa mtaa, tunafanya mazoezi kwa korido ya ploti ninayoishi, wapangaji wanaofanya kazi usiku wanataka kulala wanatufukuza, tukienda uwanjani vumbi linawakausha koo wanaanza kukohoa. Landilodi ameshanionya. Mwezi uliopita nimelipa nyumba nusu kwa sababu ile ingine ilienda kwa spika iliyoharibika na nauli ya watoto kwenda kuimba kwa harusi ambayo wenyewe hawakutulipa. Sikwambii ili unipe pesa. Nakwambia ujue kwamba wakati ukumbi wa umma unalaza hema na viti, kuna mama anabeba hiyo kazi mgongoni.

Wewe ni msomi, Katiba ya 2010 unaijua kunishinda. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linataja kazi za kaunti na limeandika sinema wazi wazi, limeandika maonyesho ya video, maktaba, makumbusho, vifaa vya michezo na utamaduni. Sio Nairobi, ni kaunti. Kwa hivyo nikiambiwa na mtu wa ofisi yako kwamba sinema ni mambo ya starehe, kaunti iko na shida kubwa za barabara na hospitali, namuuliza, hiyo sentensi iliandikwa ya nini? Na hii CBC, ule mtaala mpya wa shule, kila mkutano tunaambiwa inakuza vipawa vya watoto, mwalimu anatuma mzazi alete picha za mtoto akiimba na kuigiza. Aigizie wapi? Sinema nyingi za zamani nchini ziligeuzwa makanisa na maduka, hizo zilikuwa za watu binafsi, wenyewe waliamua. Huu ukumbi ni wa umma. Ulijengwa na jasho la wazee wetu.

Nimeambiwa pia watoto siku hizi wana simu, wataona huko. Wengi wa hawa hawana simu, wanaazima ya mama jioni dakika chache na bando inaisha. Na hata wangekuwa nazo. Kuona Annie peke yako kwa kioo cha kiganja, na kuona Annie na watoto sabini pembeni yako wote wanashika pumzi akipanda lile daraja la reli, Rooster, ndugu ya Miss Hannigan, anamfuata nyuma anataka kumwangusha, alafu Punjab, mlinzi wa Warbucks, anashuka angani kumshika mkono, hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele "shika! shika!" kana kwamba Punjab anatusikia. Mtoto aliyeogopa alishikwa na wa pembeni hata kama hawajuani. Nani atamfanyia hiyo kwa simu? Wakubwa kidogo wanaijua ile ya 2014 ya Quvenzhané Wallis, Annie mweusi kama wao, na hiyo pia nataka waione pamoja, nimeshawaahidi.

Sasa kwa nini ukumbi umefungwa, sijaambiwa, kwa hivyo tunabaki kukisia. Kuna wanaosema vile vitu ni vya mwanasiasa anajiandaa kwa uchaguzi wa 2027. Kuna wanaosema ile ploti ya mbele ya barabara imepata mnunuzi na ukumbi unaachwa uoze ndio ionekane haufai. Wengine wanasema ni mtu tu wa chini yako amekodisha kama stoo na anakula pesa, wewe hata hujui. Mimi natamani iwe hiyo ya mwisho, kwa sababu basi ukisoma hapa utakasirika kama sisi. Lakini Mheshimiwa, mabati uliahidi. Vyoo uliahidi. Taa ya nje uliahidi, ukasema kabla ya Krismasi, Krismasi imepita na giza ni lile lile, wasichana wakitoka mazoezini nawasindikiza mmoja mmoja mpaka mlangoni kwao. Hayo yote tumevumilia na hata leo siyadai. Mabati tutaziba na lami, vyoo tutaomba kwa msikiti wa jirani kama kawaida, wametufaa sana.

Ninachodai ni ufunguo. Toa zile hema, au ziache upande mmoja zirundikwe, tutakaa upande mwingine, tumezoea kubanana. Tuandikie karatasi moja yenye muhuri kwamba Jumamosi kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni ukumbi ni wa watoto, tumwonyeshe askari atakayekuja, na umwambie mtu wako mmoja atuelekeze leseni inatoka wapi na ni pesa ngapi. Kama huniamini mimi na ufunguo, mpe chifu. Mpe imamu, mpe mama wa kanisa, mpe mwalimu mkuu wa shule ya karibu. Mpe yeyote ambaye simu yake inashikwa Jumamosi.

Na kama una nafasi, njoo. Sitaki hotuba, hatutakupa maiki. Kaa chini na watoto, kula mandazi, uone yule msichana akiimba mbele ya Rais. Mzee wa deki na mke wake walishatangulia mbele za haki, siku hizi ni mimi ninasimama kando kutafsiri, na nyimbo zikianza nanyamaza pia.

Mwenye projekta amekubali kutuazima tena Jumamosi hii bila malipo kwa sababu aliona watoto wakinyeshewa, lakini ana harusi ingine inaitaka, kwa hivyo anataka jibu kufikia Alhamisi jioni. Namba yangu iko kwa ile barua iliyopigwa muhuri mapokezi kwako. Tafadhali tufungulie.

Wako kwa heshima,
Mama wa kikundi cha kuimba cha watoto,
Nakuru