Tuchague wenyewe siku ya kubadili mfumo wa kompyuta

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo majirani zangu hapa Tudor, na jamaa zangu wa Kisauni na Likoni, wamekuwa wakiniuliza kwa miezi kadhaa sasa: je, wenye kompyuta za nyumbani zinazotumia Windows 10 wahamie mfumo mpya wa Windows 11, au waendelee na huu kwa kuwa bado unafanya kazi? Wengi humpelekea fundi swali hilo, ilhali fundi ndiye atakayelipwa wakihama. Kwa maoni yangu, la kuulizwa kwanza si kama mfumo mpya ni mzuri, bali ni kama huu tulio nao bado una mtu wa kuuziba nyufa.

Hakuna mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, usio na nyufa. Kila mwezi watengenezaji hugundua mianya ambayo wezi wa mitandaoni wanaweza kuipitia, nao hutuma viraka kupitia intaneti. Windows 10 ilitolewa Julai 29, 2015, na utunzaji wake wa kawaida ukakoma Oktoba 14, 2025. Siku hiyo kompyuta hazikuzimika, na hilo ndilo linalowapa wengi matumaini ya uongo: skrini inawaka kama jana, barua zinachapwa, na mtu hujiona salama ilhali kila mwanya utakaogunduliwa utabaki wazi.

Mei 12, 2017 tuliona matokeo yake, pale virusi vya WannaCry vilipofunga faili za watu na mashirika katika nchi nyingi, zikiwemo hospitali za Uingereza, na kudai fidia ili zifunguliwe. Kiraka cha mwanya ule kilikuwa kimetolewa Machi 14 mwaka huo huo, takriban miezi miwili kabla. Waliopatikana ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na wale waliobaki na mifumo iliyokwisha kuachwa.

Hata hivyo, siungi mkono pupa. Mfumo ukiwa bado unatunzwa, hakuna aibu yoyote kuuacha mpya ukae miezi kadhaa sokoni, kasoro zake za mwanzo zirekebishwe, na mtu apate kuhakikisha kwamba printa yake na programu anazozitegemea zinakubaliana nao. Mimi mwenyewe niliumia mwaka 2020, baada ya Windows 7 kuachwa Januari 14. Nilimwita fundi nyumbani jioni moja ya masika bila kutoa nakala ya chochote. Umeme ukakatika kazi ikiwa katikati, kompyuta ikakataa kuwaka, na fundi, bila kuniuliza, akaifuta diski yote ili aanze upya. Hesabu za chama chetu cha akina mama za miaka saba zilipotea, pamoja na picha za mazishi ya marehemu baba. Hesabu tulizikusanya tena kidogo kidogo kutoka kwenye vitabu vya risiti. Picha hazikupatikana.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba siku ya kuhama ichaguliwe na mwenye kompyuta. Asichague wiki za mvua kubwa, wala mwisho wa Juni tunapohangaika kuwasilisha ripoti za kodi, wala siku ambazo watoto wana kazi za shule za kuchapisha. Faili zote zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, na nakala ifunguliwe ionekane kwamba inasomeka. Kama ni kompyuta ya mezani, itafutwe betri ya akiba ya kuishikilia umeme ukikatika. Ajue pia kwamba anayehama kutoka Windows 10 kwenda 11 ana siku 10 za kurudi alikotoka bila kupoteza faili zake.

Lipo tatizo lingine, nalo ni zito zaidi kwetu tunaonunua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Windows 11 ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, lakini pamoja na memori ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64 inadai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine nyingi za Intel inadai prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha 8 au zaidi. Katika maduka ya mjini nimeona mashine za kizazi cha 4 na cha 6 zikiuzwa na kusifiwa, na mnunuzi haelezwi kwamba haziwezi kuhama kihalali. Baadhi ya mafundi huzikwepa kanuni hizo na kuuingiza mfumo mpya kwa nguvu, ilhali Microsoft yenyewe, kampuni inayotengeneza Windows, imesema kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho. Mteja hapo amelipa ili arudi kule kule alikokuwa akikukimbia. Nawasihi wauzaji waandike kwenye risiti kizazi cha prosesa na kama mashine inakubali mfumo unaotunzwa.

Kompyuta yangu ni miongoni mwa zisizokubali. Nimeiandikisha katika mpango wa masasisho ya ziada, yaani viraka vya Windows 10 baada ya utunzaji wa kawaida kukoma, kwa watumiaji wa nyumbani, unaofika Oktoba 13, 2026; mtu anaweza kulipa dola 30, au akauingia bila malipo akikubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye akaunti yake ya Microsoft. Sikuingia humo ili nilale. Nimejinunulia muda wa kuweka akiba, na mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, hesabu za chama zitahamia kwenye mashine nyingine. Hii ya zamani nitaiwekea Linux Mint, mfumo endeshi mwingine ambao ni wa bure na hutosheka na mashine dhaifu, watoto waitumie kuandikia na kusomea. Diski ya nje nimekwisha kuinunua, na nakala ya kwanza niliitoa Jumapili iliyopita.

Msomaji wako,
Mweka hazina wa chama cha akina mama,
Tudor, Mombasa