Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Tuundie Tume ya Kufundisha Historia ya Utumwa na Ubaguzi wa Rangi

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia. Nimefundisha Mumias, nikafundisha Kakamega, na chaki nikaitua hapa kando ya ziwa. Ninakuandikia hadharani kuomba Wizara yako iandae mswada wa kuunda tume ya serikali itakayosimamia elimu ya historia ya utumwa na ya ubaguzi wa rangi uliofanyika katika ardhi hii yetu ya Kenya.

Najua neno "tume" limewachosha Wakenya. Tumeona tume za kila namna zikiketi, zikila marupurupu, zikitoa ripoti nene kama tofali, na ripoti zikafungiwa kabatini. Mimi mwenyewe ningekuwa wa kwanza kupinga nyingine ya aina hiyo. Nivumilie kidogo nikueleze kwa nini hii naitaka.

Mwanafunzi wa kidato cha pili wakati wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 alikuwa akikueleza biashara ya utumwa ya Bahari ya Atlantiki bila kigugumizi. Meli zinang'oa nanga Liverpool na vitambaa na bunduki, zinapakia watu Afrika Magharibi, zinawashusha Karibi, zinarudi na sukari. Anakuchorea pembetatu, anapata alama zake, anaketi. Mwulize huyohuyo, mzaliwa wa Mumias, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifuata nini katika mji wa Nabongo (mfalme wa Wawanga) Shiundu na baadaye wa mwanawe Mumia. Atakujibu: pembe za ndovu. Hapo amesema nusu. Mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883, misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa imekwisha kuizoea njia hiyo, nayo ilitafuta pembe na pia ilitafuta watu. Kwa njia hiyo zilikuja bunduki, na kwa njia hiyo ulikuja Uislamu ambao leo ni sehemu ya maisha ya Mumias.

Waliochukuliwa walikuwa watoto wa nani? Nani aliwateka, nani akawauza, nani akapata bunduki badala yao? Maswali haya niliulizwa darasani na watoto werevu, na nitakwambia ukweli kwamba ulimi ulikuwa mzito. Majibu yanagusa koo ambazo zipo, zenye wazee, zenye wajumbe wa bodi ya shule. Mwalimu anayethubutu kufika huko peke yake hamalizi muhula kabla ya kuambiwa analeta ukabila. Basi anarudi kwenye pembetatu ya Liverpool, ambako wakosaji wote wako mbali na hakuna mzazi atakayekuja ofisini kwa mwalimu mkuu.

Ndiyo sababu ya ombi langu. Walimu hawakosi ari. Wanachokosa ni chombo chenye nguvu ya sheria kitakachokusanya ushahidi, kiupime, kiuidhinishe, kisha kimwambie mwalimu wa Mumias, wa Molo au wa Malindi: haya yamethibitishwa, yafundishe, na ukiulizwa uelekeze lawama kwetu.

Pwani mambo ni hayohayo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa 1873. Muda mfupi baadaye Freretown ikaanzishwa nje ya Mombasa kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi, na kengele yao ndiyo iliyopatia Kengeleni jina. Lakini ni wangapi kati yetu tunaojua kwamba katika ukanda wa pwani ya Kenya hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1907? Wakati huo reli ilikuwa na miaka sita tangu ifike Kisumu. Tena sheria hiyo ilipofuta utumwa ilitenga fidia, na waliofidiwa ni waliokuwa wakiwamiliki watu. Aliyekuwa mtumwa hakupewa senti wala shamba. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi, wenye kujua ofisi wakaandikisha, na waliolima mashamba hayo maisha yao yote wakabaki maskwota. Kila uchaguzi tunasikia wanasiasa wakipiga kelele kuhusu maskwota wa pwani. Sijasikia hata mmoja akianzia 1907.

Sasa nije nyumbani. Kisumu ina Milimani yake, yenye miti na upepo wa ziwa. Vuka Ring Road uko Nyalenda, ambako mvua ikinyesha watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Watoto wetu wanakua wakidhani mambo yalijipanga hivyo yenyewe, au kwamba Mungu aliwapendelea wa Milimani. Hapana, Mheshimiwa. Mnamo 1913 na 1914 Profesa W. J. Simpson alitumwa Afrika Mashariki kuchunguza afya ya miji, tauni ikiwa ndiyo hofu ya wakati huo, naye akapendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watengewe mitaa mbalimbali. Ubaguzi ukavishwa koti jeupe la daktari. Mzungu akapewa mlima, Mhindi akapewa biashara ya katikati ya mji, na Mwafrika akahitajika mchana kwa kazi, jioni akatafute pa kulala. Mitaa kama Nyalenda, Manyatta na Obunga iliota nje ya mpaka wa mji wa kikoloni, ndiyo maana imeuzunguka mji kama mshipi. Mabomba na mitaro ya maji taka vilichorwa kufuata mpaka huo. Mhandisi kijana wa kaunti asiyelijua hili atadhani tatizo lake ni uhaba wa mabomba tu.

Nakuru ndiko mwanafunzi angejifunza zaidi, kama angefundishwa. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru ili walowezi wapate nafasi. Sheria ya ardhi ya 1915 ikawapa Wazungu ukodishaji wa miaka 999, nasi tukawa vibarua kwenye yale yaliyoitwa Maeneo Meupe ya Nyanda za Juu. Chuo cha Egerton kule Njoro kilianzishwa 1939 kwa ajili ya kuwafunza kilimo vijana wa Kizungu. Mtoto wa Kaptembwo anayesoma Egerton leo anapita katika lango ambalo wakati huo babu yake angelipitia akiwa na jembe begani.

Na kuna kesi moja ya mwaka 1923 ambayo kwa maoni yangu kila mtoto wa Kenya angepaswa kuijua. Mfanyakazi wa shamba la Mzungu huko Molo, anayetajwa katika kumbukumbu kwa jina la Kitosh, alikuwa na farasi jike wa tajiri wake. Aliagizwa amwongoze kwa miguu, asimpande. Akaonekana amempanda. Kwa kosa hilo alichapwa viboko, akafungwa kamba, akatupwa stoo, na usiku huo akafa. Kesi ilisikilizwa Nakuru mbele ya baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa walowezi. Madaktari wa upande wa utetezi walidai kwamba marehemu alikufa kwa kuwa yeye mwenyewe alitaka kufa. Baraza likaona hakuna mauaji, kuna kosa la kumuumiza mtu vibaya, na mwenye shamba akafungwa miaka miwili. Mwaka huohuo London ilitoa ile Taarifa ya Devonshire iliyotangaza kwamba hapa Kenya maslahi ya Mwafrika yatatangulizwa mbele ya mengine yote. Wanafunzi wangu walikariri Taarifa ya Devonshire kwa ajili ya mtihani. Kesi ya Molo haimo katika kitabu chochote nilichowahi kupewa nifundishie, na wenzangu wanaofundisha Nakuru, wenye mahakama mlangoni mwao, wengi wao sikuona dalili kwamba wameisikia.

Kakamega nayo ina lake. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria kwamba ardhi ya maeneo ya wenyeji ni yao milele. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Kufikia Desemba 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi itwaliwe bila wenyeji kupewa nyingine badala yake. Milele ilidumu miaka miwili.

Mheshimiwa Waziri, huenda washauri wako watakwambia haya ni ya kale na vijana wanahitaji ajira. Wajibu washauri hao kwa mfano wa kipande. Kuanzia mwaka 1919 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba cheti cha kazi ndani ya kijibati, akakivaa shingoni. Tajiri asipotia sahihi kwamba amemruhusu, mfanyakazi akiondoka ni mtoro, na polisi wanamsaka. Mwaka 1921 vijana waliosomea misheni walikutana Lundha, Gem, wakaanzisha chama ambacho watu wa Nyanza walikiita Piny Owacho, na kipande kilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyapinga, pamoja na kodi ya nyumba na kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa. Kipande hicho kilitumika hadi 1947.

Sasa angalia wasichana wetu wa Siaya, Vihiga na Busia wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wakifika, mara nyingi pasipoti inachukuliwa na mwajiri, na bila idhini yake wengi hawawezi kubadilisha kazi. Msichana aliyefundishwa kipande vizuri angekitambua hata kikiwa kimebadilishwa rangi na lugha. Angeuliza maswali kwa ajenti kabla ya kutia sahihi, na Kifungu cha 30 cha Katiba, kinachokataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, kingekuwa kitu anachokijua matumizi yake. Hiyo nayo ni elimu ya ajira.

Tatizo ni kwamba nafasi ya kumfundisha inazidi kufinywa. Katika sekondari pevu, Historia na Uraia ni somo la hiari ndani ya mkondo wa sayansi za jamii. Anayechagua mkondo wa sayansi na teknolojia, na ndiko Wizara inakowasukuma wengi, ataaga historia akiwa Gredi ya 9. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) inafanya kazi yake, sitaidharau, lakini inaandikia nchi nzima na haina watu wa kuketi na wazee Matungu au kupekua majalada ya mahakama.

Kuna watakaosema tulikuwa na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ni kweli, na ripoti yake ilikabidhiwa Mei 2013, ikalala. Lakini sheria iliyoiunda iliipa kipindi cha kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi 28 Februari 2008. Utumwa, kipande na mpango wa Simpson viko nje ya lango hilo. Havijawahi kupata meza yao.

Wengine wamewahi kuunda tume za namna hii. Mauritius iliunda tume mwaka 2009 kuchunguza athari za utumwa na za vibarua wa mkataba tangu karne ya 17, ikatoa ripoti 2011. New Jersey, jimbo la Marekani, lina Tume ya Amistad tangu 2002, iliyopewa jina la meli ambayo mateka Waafrika waliiasi mwaka 1839. Kazi yake hasa ni kuhakikisha historia ya utumwa na ya watu weusi inaingia kwenye mafunzo ya shule na walimu wanaandaliwa kuifundisha. Hiyo ya pili ndiyo inayofanana na ninayoiomba, maana sitaki tume ya kugawa fidia wala ya kuwaita watu kujieleza. Nataka ya kufundisha.

Iwe ndogo. Watu tisa wanatosha: wanahistoria, walimu walio darasani sasa hivi, mtaalamu wa nyaraka, na wawakilishi wa jamii zenye kumbukumbu hizi, zikiwemo za Freretown na Rabai. Mwanasiasa asiwekwe hata mmoja, na aliyeshindwa uchaguzi asitafutiwe kiti humo. Wapewe miaka mitano na Bunge, wakimaliza wavunjwe. Waandike kwa kila kaunti kijitabu chenye ushahidi wa kaunti hiyo, kwa Kiswahili na Kiingereza, kisha kazi hiyo ikabidhiwe KICD na Tume ya Kuajiri Walimu ili mafunzo kazini yafuate. Waelewane na Makavazi ya Kitaifa ili maeneo ya kihistoria yaliyo mikononi mwa watu binafsi yaweze kutembelewa na wanafunzi. Na sharti moja nalisisitiza kuliko yote: wasiandike historia ambamo Mwafrika ni mteswa tu. Machifu waliotoa vijana wa shokoa baada ya agizo la Gavana Northey la 1919 walikuwa wetu. Walioongoza misafara vijijini usiku walikuwa wanazijua njia. Tume itakayoficha hilo heri isiundwe.

Kuhusu gharama, Hazina itaangua kilio, kama kawaida yake. Anza na kaunti nne za majaribio, Kisumu, Kakamega, Nakuru na Mombasa, kwa kutumia walimu na wanachuo tulio nao. Wastaafu kama mimi tupo, na wengi wetu tutafanya kazi hii kwa nauli.

Naomba mambo mawili, Mheshimiwa. Jibu barua hii kabla ya makadirio ya bajeti kufungwa, utuambie kama Wizara itaandaa mswada au la. Na utakapozuru Nyanza, tenga saa mbili ukutane na walimu wa Historia wa shule za hapa, bila wanahabari, wakueleze yale wanayoogopa kuyafundisha.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Kisumu