Mwanangu, habari hii nitaendelea kuisema

Baba yangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema ile video yangu nikisimulia kwenye baraza la chifu hapa Kaptembwo, Nakuru, jinsi nilivyodanganywa kupelekwa kazi Saudia, imefika hadi chuoni kwenu Maseno, wenzako wa hosteli wameiona, na unauliza kama siwezi kuwaachia wengine kazi hiyo ya kusimulia. Umeuliza kwa adabu. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu utaanza kunituliza, nami sitaki kutulizwa.

Ulikuwa darasa la nne nilipoondoka. Uliambiwa mama ameenda Saudia kutafuta karo, na hilo lilikuwa kweli. Ajenti aliyeniandikisha hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mwenzetu wa chama, mpole wa sauti, aliyenisindikiza mwenyewe kupimwa afya na kunikopesha nauli ya Nairobi. Mkataba nilipewa tukiwa tayari uwanja wa ndege, tena kwa Kiarabu. Usiku ule wa kufika nikanyang'anywa pasipoti na simu, na nilipokuja kuuliza mshahara, mama mwenye nyumba akaniambia amekwisha kuninunua. Mengine unayajua, usiyoyajua si ya barua. Nilitoka kwa sababu msichana Mganda wa nyumba ya jirani alinipitishia simu yake juu ya paa tulikokuwa tukianika nguo, nikampigia nyanya yako, naye akazunguka ofisi za watu hadi nikarudishwa.

Sasa nikujibu. Niliporudi Nakuru nilikuta yule ajenti anaendelea kuandikisha wasichana, na anawaambia: "Hata mama fulani wa Kaptembwo yuko huko, si mnaona mtoto wake anasoma?" Jina langu ndilo lililokuwa tangazo lake. Nikaanza kuwatafuta wengine waliorudi. Mmoja alikuwa amewaambia watu kandarasi iliisha, mwingine kwamba baridi ya viyoyozi ilimshinda. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha kuficha aibu, na kwa hivyo mtaa mzima ulijua habari njema peke yake. Biashara ile inaishi kwa ukimya huo. Ndiyo maana nasema, tena kwa jina langu, kwa maana "kuna mama mmoja aliteswa" haimzuii mtu kupanda ndege. Anayenijua, anayenunua sukuma wiki kwangu kila jioni, huyo hunisikiliza.

Watu hunirushia neno moja kila mara: "Lakini ulikubali mwenyewe." Kwa hiyo siku hizi natembea na nakala ya ile Sheria ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka wa 2010. Naisoma polepole: kukubali kwa aliyedanganywa si utetezi kwa aliyemdanganya. Kisha nasoma adhabu, kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Hapo baraza hunyamaza, na utaona mtu mmoja au wawili wakiinuka taratibu kama wanaoitwa na simu. Lakini sheria bila shahidi ni karatasi, na shahidi ni nani kama sisi wenyewe tunasema ni baridi iliyotushinda?

Usidhani nawakataza watu kwenda. Mama wa ploti ya pili amejengea wazazi wake kwa pesa ya Saudia, na nampa heshima yake. Ninachosema ni kwamba kazi ya nyumbani kule bado iko chini ya kafala, ambapo mwajiri ndiye anayeshikilia kuishi kwako na kutoka kwako. Walipolegeza mfumo huo Machi 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Basi anayekwenda tunaketi naye na familia yake. Tunaangalia kama hiyo ofisi imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Nakala ya pasipoti na mkataba inabaki nyumbani, pamoja na jina la mwajiri na mji wake. Tena tunakubaliana neno la siri: akipiga simu akaulizia ng'ombe ambaye familia haina, wajue anasikilizwa na mambo ni mabaya. Wazee hucheka tukifika hapo kwenye ng'ombe. Wacheke tu, mradi walikumbuke.

Na si Saudia peke yake. Hapa hapa steji ya Nakuru wanashushwa watoto wa darasa la sita kutoka huko Magharibi, begi ni mfuko wa karatasi, wanapokelewa na "shangazi" wasiyemjua. Mtoto akiletwa kutumikishwa, sheria haihitaji hata kuthibitisha kwamba alidanganywa. Madereva wawili watatu sasa hunipigia wakiona jambo, nami napiga 116, namba ya simu ya kuwasaidia watoto. Kazi hii ndiyo ninayoipenda zaidi, ingawa hakuna video yake.

Umenidokezea pia kwamba komredi wako amepata kazi ya kompyuta Thailand, tiketi imelipwa na kampuni, viza ni ya kutembelea. Hapo ndipo moyo wangu ulipostuka. Siku hizi hawatafuti mayaya tu. Wanatafuta kijana mwenye Kiingereza kizuri anayejua kuchapa. Akishuka Bangkok anapakiwa gari hadi mpakani, anavushwa mto usiku kuingia Myawaddy, Myanmar, na kufungiwa katika majengo yenye walinzi ili atapeli watu mtandaoni. Anayekataa hupigwa, anayetaka kutoka hudaiwa fidia. Wakenya waliokolewa huko mwaka wa 2022, na 2025 wakarudishwa wengine. Wengi walikuwa wamesoma.

Asipande ndege hiyo kabla hajazungumza nami. Usimwambie kwa ukali, maana atakuona una wivu. Mwombe tu akutumie barua ya kazi, unitumie niisome. Kama ataona aibu kwako, mwonyeshe ile video. Na wenzako wakiuliza kama yule ni mama yako, jibu unavyotaka. Hilo silishiki kwa nguvu. Namba yangu anayo? Anipigie hata kama ni usiku.

Mama yako