Miezi 18: wauguzi waulize kidole

Mhariri,

Kila inapokaribia Aprili 2, Siku ya Usonji (autism) Duniani, hali ya makuzi inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na wenzake, magazeti hujaa habari za matembezi na fulana za bluu. Hatuna ugomvi na fulana. Ila mzazi akishamaliza kusoma bado hajui amwangalie mwanawe kitu gani, na kwa umri gani.

Watoto wengi hufikishwa hospitali baada ya shule ya awali kushindwana nao. Kabla ya hapo familia imeshaambiwa isubiri: wa kiume huchelewa kusema, hata baba yake alikuwa hivyo. Kuchelewa kusema kuna sababu nyingi. Kinachotushtua sisi zaidi ni kidole.

Kabla ya mwaka na nusu mtoto huwa ameshaanza kunyoosha kidole. Huanza kukitumia kuombea: kikombe kile, ndizi ile. Kisha huja kidole cha kushirikisha. Ndege imepita juu, ananyoosha, halafu anageuka kukutazama usoni aone kama nawe umeiona. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hukosa hiki cha pili, na badala ya kile cha kwanza hukushika kiganja akakiburuta hadi kwenye kitasa cha friji, asikutazame kabisa, kana kwamba mkono wako ni koleo. Ndiyo maana ukimuuliza mama, “Anaonyesha anachotaka?” atajibu ndiyo, wala hajasema uongo. Swali liwe: “Huwa anakuonyesha kitu asichokihitaji, ili ukione tu?” Akifika miezi 18 na jibu ni hapana, asisubirishwe.

Miezi 18 ndio umri wa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela. Mama yuko kliniki, mtoto yuko, kadi iko mezani. Mtoto hupimwa uzito, huchomwa sindano, wanaondoka. Tunaomba ziongezwe dakika kumi. Lipo dodoso liitwalo M-CHAT-R, maswali 20 ya ndiyo au hapana kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, na kulitumia kliniki hakulipiwi. Kila jibu la kutia shaka ni alama moja. Alama 0 hadi 2, mtoto aendelee na kliniki, na kama hajafikisha miaka miwili aulizwe tena akifikisha. Alama 3 hadi 7, muuguzi ayarudie yale yaliyotia shaka, safari hii akidai mfano: lini, wapi, alifanyaje. Alama 8 na kuendelea, rufaa papo hapo. Dodoso halisemi kwamba mtoto ana usonji, linachuja tu, na wengine watakaonaswa watakutwa na tatizo jingine la makuzi ambalo nalo lilihitaji kuonwa. Likijibiwa na dada wa kazi aliyeingia nyumbani mwezi uliopita, au likisomwa harakaharaka kwenye foleni, ni karatasi iliyoharibiwa.

Tunajua hofu itakayozuka. Wapo watoto wenye usonji wanaopoteza maneno waliyokuwa nayo, na hilo hutokea zaidi kati ya miezi 15 na 24, palepale ilipo sindano, basi sindano inalaumiwa. Madai hayo yalienezwa na makala ya Andrew Wakefield katika jarida la Lancet mwaka 1998, ambayo jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, kwa watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Rubela yenyewe, ikimpata mama akiwa na mimba changa, ndiyo inayoweza kumwachia mtoto uziwi, ugonjwa wa moyo na matatizo ya ubongo.

Baada ya rufaa, masikio kwanza. “Anasikia, tangazo la TV likilia anakuja mbio” si kipimo, kwa sababu majimaji nyuma ya ngoma ya sikio yanaweza kuzuia sauti ndogo na kupitisha kubwa. Fedha zisiishie kwenye CT scan kwa ajili ya kutafuta usonji: hauonekani kwenye picha ya ubongo wala kwenye damu, na kipimo cha umeme wa ubongo ni cha anayeshukiwa kifafa. Wengine hukimbilia kumkata mtoto udata, ule utando unaoufunga ulimi kwa chini. Ulimi uliofungwa unaweza kusumbua kunyonya na baadhi ya matamshi, lakini haumzuii mtu kunyoosha kidole.

Wazazi wasitulizwe mno na maneno ya kukariri. Mtoto anayeita rangi zote kwa Kiingereza cha katuni, halafu akiwa na kiu anasema “Unataka maji?” kwa sauti ileile ya mama yake, ameyahifadhi maneno ila bado hajajua kuyatumia kuombea. Asirudishiwe swali. Mpe sentensi ambayo angepaswa kuisema yeye, “Nataka maji”, kisha mpe maji hapohapo. Kesho yake mimina kidogo tu, shika jagi, nyamaza mpaka uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Watu wazima wengi hawafiki tatu, wanajibu wenyewe, na nafasi ya mtoto inapotea. Mazoezi haya hayahitaji kusubiri miadi, na miadi huchelewa, maana wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wa kuhesabika.

Siku ya miadi mtoto huenda akalia tangu mlangoni, na daktari asione kitu cha maana. Mzazi aende na video tatu kwenye simu, dakika mbilimbili: mtoto akicheza peke yake huku TV imezimwa, mtoto akiitwa jina mara moja kutoka nyuma bila kuguswa, na mtoto akitaka kitu kilichowekwa juu asikoweza kufika. Anayerekodi asimwambie aimbe, asimwelekeze, wala asiikate video pale mtoto asipoitika.

Watoa tiba ya watoto,
Dar es Salaam