Dhamana Inayokatika kwa Msasa: Malalamiko Kuhusu Mpira wa Kitako cha Bunduki

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MPIRA WA KITAKO ULIOACHANA NA BAMBA LAKE, NA KUKATALIWA KWA DHAMANA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyenunua mpira wa kitako cha bunduki, ule unaouzwa mkubwa kuliko kitako ili mnunuzi ausage mwenyewe nyumbani hadi ulingane na mbao yake. Niliusaga kama karatasi yenu ya maelekezo inavyoagiza. Ukaachana na bamba lake, lile gumu ulilobandikwa kwa gundi, mikononi mwangu kabla bunduki haijafyatuliwa hata mara moja. Nilipowaandikia, mkanijibu kwamba dhamana ya miezi 12 haihusu mpira ulioshasagwa. Barua hii ni ya kulipinga jibu hilo.

Bunduki yenyewe niliachiwa na marehemu baba, nami naimiliki kwa kibali halali. Kitako chake ni cha mbao ya mjozi, na mwishoni kilikuwa na bamba la chuma. Baba alikuwa amelizoea. Mimi niliwahi kuvunjika mtulinga wa kulia, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo kila nikilenga shabaha bega huniuma siku mbili tatu. Najua mpira hauondoi teke la bunduki. Unachofanya ni kulirefusha pigo kwa sehemu ndogo ya sekunde na kulitandaza kwenye eneo pana zaidi, bega likasukumwe badala ya kugongwa. Kwa mfupa kama wangu, hilo ndilo linaloamua kama nitaendelea kuitumia bunduki ya baba au nitaifungia kabatini.

Nieleze kazi nilivyoifanya, maana mhudumu wenu wa simu aliniuliza kwa sauti ya kunishuku kama nilijua ninachofanya. Nilihakikisha bunduki haina risasi, nikachungulia chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole, nikachomoa komeo, kisha nikatenganisha mbao na chuma ili kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani cha fundi, kiende kitako peke yake. Karatasi yenu haitaji hatua hii kwa neno hata moja. Mnauza kifaa cha bunduki. Hiyo ilipaswa kuwa sentensi yake ya kwanza.

Kutoka kwenye kifyatulio hadi katikati ya bamba la zamani nilipata milimita 345. Ndio urefu unaonifaa, na niliutaka ubaki uleule. Hapo nikakutana na kosa la kwanza. Kwenye boksi mmeandika unene wa milimita 25, na karatasi inaelekeza hesabu ya kukata mbao ifuate namba hiyo. Nilipoupima mpira kwa kalipa nikapata 29. Inaelekea mlipima mpira mkaliacha bamba gumu ulilobandikwa. Milimita 4 kwa anayetengeneza meza si neno, ila kwenye bunduki yenye darubini zinatosha kulisogeza jicho kutoka mahali pake. Mimi nilikata kwa kipimo changu, mbao ikaishia milimita 316. Atakayeliamini boksi atalazimika kukata mara ya pili, na kukata kipande chembamba namna hiyo ndiko kunakomega kingo za mbao.

Ukataji wenyewe haukuwa na tatizo: tepu ya karatasi kuzunguka mbao, msumeno wa meno madogo, kisha msasa uliolazwa juu ya kioo hadi uso ukawa bapa. Matundu ya skrubu za zamani hayakulingana na yenu, nikayaziba kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi ya epoksi, nikayaacha usiku kucha, nikatoboa mengine. Skrubu nilizipaka sabuni, na bisibisi pia, kwa kuwa hupenya mpira kupitia vipasuo vidogo ambavyo chuma kikavu huvichana. Hilo nalo halimo kwenye karatasi. Nililijua kwa sababu nimekaa na mafundi.

Kisha kusaga. Niliufunga mpira kwenye kitako, nikachora kwa ncha ya sindano mstari kwenye bamba kufuata umbo la mbao, nikaufungua tena ili nisiharibu vanishi ya zamani kwa mashine. Nilianza na msasa namba 80, nikamalizia na namba 120, nikigusa na kuachia, kwa sababu mpira ukipata joto hulainika na kunata badala ya kusagika. Kila nilipohisi joto nilisimama. Mara mbili niliutia kwenye friza ukakaza, ukasagika vizuri zaidi. Upande wa chini niliuinamisha ufuate mteremko wa kitako, na juu nikauviringisha kidogo ili usikwame kwenye nguo bunduki inapopandishwa begani. Ilikuwa kazi ya jioni tatu, na nasema bila kusita kwamba sikuiharakisha.

Zilikuwa zimebaki chini ya milimita 2 kuufikia mstari, upande wa chini, nilipoona ufa kati ya mpira na bamba. Ukucha uliingia. Nikauvuta taratibu kwa vidole viwili, ukafunguka hadi karibu na katikati. Ndani niliona gundi ilivyopakwa: doa moja katikati, na mabaki ya utepe mwembamba kwenye ukingo wa nje, pale ambapo sikuwa nimefika kwa msasa. Baina ya doa na utepe, bamba lilikuwa safi kabisa, halijawahi kuguswa na gundi. Picha sita nilizoambatisha zinaonyesha hayo, mbili zikiwa na rula pembeni.

Naomba msome sehemu hii kwa makini, Ndugu Meneja, kwa kuwa ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Mpira wa aina hii hutengenezwa mkubwa kwa makusudi, na ukingo wake wa nje ndio unaotakiwa kuondolewa. Ukingo utakaobaki na bunduki ni ule wa ndani, ule mliouacha bila gundi. Utepe wa nje uliushika mpira na kuufanya uonekane mzima dukani, mezani kwangu, hata baada ya kuufunga kwa skrubu. Hakuna jicho ambalo lingeuona ubovu huu kabla ya kusaga. Nanyi mnasema dhamana hukoma mtu anapoanza kusaga. Basi dhamana hiyo inalinda nini? Asiyesaga hawezi kuutumia mpira wenu, na anayesaga hana haki. Ningeukata vibaya, au ningeuunguza kwa mashine, nisingewaandikia. Bamba lisilo na gundi si kazi ya msasa wangu.

Mhudumu wenu alinishauri niurudishie kwa gundi ile ya kukauka haraka. Ushauri huo ni wa hatari, na naomba asipewe mteja mwingine. Gundi hiyo ikikauka huwa ngumu na kavu, haipindi na mpira. Ikigongwa mara kwa mara hupasuka. Na skrubu zenu hazishiki mpira, zinashika bamba. Vichwa vyake vimejificha ndani chini ya mpira. Mpira ukibanduka bunduki inapolia, kitakachokutana na mtulinga wangu ni bamba gumu na vichwa viwili vya chuma. Tena kitako kitakuwa kimefupika ghafla, na ukingo wa darubini utakuwa karibu zaidi na nyusi. Aliyewahi kupasuliwa nyusi na darubini haombi arudiwe.

Mmenijibu pia kwamba, kwa hisani, mnaweza kunirudishia nusu ya bei. Siikubali. Mbao iliyokatwa hairefuki. Bamba la chuma la baba ninalo, lakini nikilirudisha sasa kitako kitakuwa kifupi mno kwangu. Kwa hiyo kitako hiki kinahitaji mpira, na unene uwe uleule wa milimita 29, vinginevyo vipimo vyote vinaanza upya.

Ninachodai ni mpira mwingine wa ukubwa na unene huo, uliokaguliwa na kuthibitishwa kuwa umepakwa gundi uso mzima, bila malipo yoyote kwangu. Kama hamna wa namna hiyo, nirudishieni fedha zote, na mnilipie fundi wa bunduki atakayetengeneza kipande cha kujazia pengo. Nadai pia kipengele cha kusaga kiondolewe kwenye dhamana ya mipira inayouzwa kwa kusagwa, na karatasi iandikwe upya: unene pamoja na bamba, bunduki kuondolewa risasi kwanza, sabuni kwenye skrubu, barakoa dhidi ya vumbi la mpira, na mbao iliyokatwa kuzibwa kwa mafuta au vanishi kabla ya kufunga. Hili la mwisho wengi hawalijui, na mbao iliyo wazi upande ule hunywa unyevu kuliko upande mwingine wowote.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitapeleka nakala yake, pamoja na picha na jibu lenu la kwanza, kwa chombo kinachosimamia haki za walaji.

Uso uliokatwa nimeshaupaka vanishi mara tatu, na kitako nimekifunga kitambaa nikisubiri. Mpira wenyewe sijaugusa tena tangu jioni ile. Uko ndani ya boksi lake pamoja na nakala ya risiti, skrubu zote mbili na vumbi nililolikusanya, ili wakaguzi wenu waone kila kitu kama kilivyo. Nitautuma mara mtakaponiandikia kuwa gharama ya usafirishaji ni juu yenu.

Wenu,
Mteja mwenye namba ya oda iliyoandikwa juu ya bahasha

Viambatisho: picha sita, nakala ya risiti, nakala ya jibu lenu la kwanza